Nguo ya Kufumwa Nyumbani na Mfarishi wa Viraka

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma, mashairi, vinyago na hadithi za wazee. Nguo hutajwa kwa nadra, ingawa nguo ndiyo humpokea mtoto anapozaliwa na nguo ndiyo humsindikiza mtu kaburini. Na hata zinapotajwa, husifiwa zile zing'aazo zilizovaliwa na watawala na maharusi. Nguo kuukuu iliyofumwa kwa mkono, kisha ikatiwa viraka, huonwa kuwa dalili ya unyonge, ikafichwa chumbani mgeni anapobisha hodi. Makala haya yanakusudia kuitetea nguo hiyo.

Nitazungumzia mambo mawili yaliyo ndugu. La kwanza ni nguo ya kufumwa nyumbani, yaani ile ambayo pamba yake ililimwa, ikachambuliwa, ikasokotwa na kufumwa na watu wa kijiji kimoja bila ya kupita kiwandani. La pili ni mfarishi, yaani nguo nzito ya kujifunika au kulalia, yenye uso wa juu na bitana ya chini, na pamba iliyolazwa katikati, tabaka zote tatu zikishikwa pamoja kwa mishono. Uso wa mfarishi waweza kuwa kitambaa kizima. Lakini mara nyingi huungwa kwa vipande vya nguo mbalimbali. Swali langu ni hili: je, yafaa nguo ya kale ya mkono kukatwa na kuingizwa katika mfarishi, au yatupasa kuiacha kama ilivyo? Swali hili liliwahi kuwagawa watu wa nyumba yetu, na naamini kwamba linaligusa taifa zima.

Kwanza hatuna budi kuondoa dhana potofu kwamba mababu zetu walivaa ngozi na magome ya miti tu mpaka meli za wageni zilipowaletea nguo. Wachimbaji wa mambo ya kale walipochimbua Kilwa Kisiwani walikuta vigae vidogo vya mviringo, vilivyotobolewa katikati. Hivyo vilikuwa vya kusokotea nyuzi: kigae huvikwa kwenye kijiti, nacho huwa uzito wa kukifanya kijiti kizunguke sawasawa huku uzi ukivutwa kutoka katika bonge la pamba. Watu wa Kilwa, basi, walisokota nyuzi zao wenyewe karne nyingi kabla ya Mreno wa kwanza kuonekana. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani yetu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilikuwa hazina kifani, na zilipelekwa hadi Misri.

Mreno Duarte Barbosa naye, mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza jambo la ajabu kuhusu Waislamu wa Sofala. Walilima pamba na kufuma nguo nyeupe, lakini hawakuwa na rangi ya kuzitia. Kwa hiyo walichukua nguo za buluu zilizotoka Cambay huko Bara Hindi, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakazifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe, wakapata nguo za rangi walizoziuza kwa dhahabu. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu ndilo msingi wa hoja yangu. Mafundi wale hawakuikataa nguo ya kigeni, wala hawakuiabudu. Waliifumua, wakachagua walichokihitaji, wakakiunga na chao.

Bara nako kazi hii ilistawi. Richard Burton, aliyesafiri katika nchi yetu kati ya mwaka 1857 na 1859, aliona vitanda vya wafumi Unyamwezi. Ufipa ilijulikana kwa nguo nzito za pamba zilizofumwa huko. Mfumi alitanda nyuzi za mtande juu ya mambo zilizokitwa chini, akapitisha mshindio kulia na kushoto, akaubana kwa upanga wa mti. Kazi ya siku nyingi ilitoa nguo moja. Na nguo hiyo moja ilivaliwa miaka mingi.

Ni nini basi kilichoiua kazi hii? Mwaka 1833 Sayyid Said wa Oman na Unguja alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na meli za wafanyabiashara wa Salem zikaleta shehena za kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Watu wetu walikiita merikani, na jina hilo limebaki katika lugha yetu hata baada ya wengi kusahau asili yake. Kilikuwa kitambaa imara na cha bei nafuu, kikawa kama fedha katika njia za misafara. Lakini unafuu ule ulikuwa na siri yake. Mpaka mwaka 1865 pamba ya Marekani ya kusini ililimwa na watumwa, na watumwa hao walikuwa watu wa asili ya Afrika. Hivyo jasho lisilolipwa la Mwafrika ng'ambo ya bahari lilisaidia kumnyang'anya mfumi wa Kiafrika kazi yake huku nyumbani.

Kisha ukaja ukoloni. Wajerumani hawakutaka pamba ya kusokotwa vijijini. Walitaka pamba ya kupelekwa katika viwanda vya kwao. Watu wa kusini walilazimishwa kuilima katika mashamba ya shuruti kwa malipo ya dhihaka, na mwaka 1905 huko Nandete, katika nchi ya Wamatumbi, wananchi waliing'oa miche ya pamba. Ndivyo vilivyoanza vita vya Maji Maji. Tutafakari jambo hili kwa makini: mmea ambao mababu waliupanda kwa hiari ili wajivike, sasa uling'olewa kwa hasira kwa kuwa umekuwa alama ya utumwa. Pamba ilikuwa ile ile. Kilichogeuka ni nani aliyeimiliki, na kwa manufaa ya nani.

Sasa niingie nyumbani kwetu. Mama yangu alizaliwa katika nyanda za juu za Ufipa, mahali ambapo baridi ya mwezi wa Juni huwafanya watu wakae karibu na moto tangu magharibi. Baba yake alikuwa mfumi katika ujana wake. Sikumwona akifuma, maana mimi nilipopata akili kitanda chake kilikuwa kimekwisha kuwa kuni, na watu wote walivaa nguo za dukani. Bibi alihifadhi nguo moja tu ya mkono wake, nyeupe iliyokuwa imegeuka rangi ya maziwa ya kuchemka, yenye mistari myeusi pindoni. Katika nguo hiyo Bibi aliwabeba watoto wake wote mgongoni.

Bibi alifariki mwaka 1974, nami ndiyo kwanza nimeanza kazi ya ualimu. Matanga yalipokwisha, sanduku lake likafunguliwa mbele ya jamaa. Tuliikuta nguo ile chini kabisa. Panya walikuwa wamekula sehemu ya katikati, na mahali palipokunjwa nyuzi zilikuwa zimekatika kwa uzee. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Mjomba, ambaye ndiye mkubwa wa mama, alitaka nguo ikunjwe na kurudishwa sandukuni. Alisema, "Nguo hii ikikatwa, hayupo tena wa kuifuma. Aliyeijua kazi hii amelala pale mgombani. Mkiikata, mmemzika mara ya pili."

Mama alimjibu kwa utaratibu, kama dada amjibuvyo kaka mbele ya wakwe. "Kaka, panya hawakutuomba ruhusa. Tukiirudisha sandukuni, mwaka kesho tutafungua tukute vumbi. Na Baba aliifuma ivaliwe, hakuifuma ilale gizani."

Maneno ya wote wawili yalinichoma, kwa kuwa yote yalikuwa ya kweli. Mjomba alikuwa akitetea kitu ambacho kikipotea hakirudi: mkono wa mtu ulioandikwa katika nyuzi. Mama alikuwa akitetea maana ya kitu chenyewe. Palipita siku tatu bila ya uamuzi. Siku ya nne Mjomba alisema kwamba kipande kimoja, chenye pindo na mistari yake, kisiguswe na mkasi wowote. Vingine Mama afanye apendavyo. Hakusema kwamba ameridhika. Alisema tu kwamba hataki nguo ya baba yake iwavunjie undugu.

Mama alikuwa amejifunza ushonaji wa mifarishi katika darasa la akina mama, na mimi nilikaa naye likizo nzima nikimsaidia kushika ncha za kitambaa. Nitaeleza alivyofanya, kwa sababu wapo walimu na wanafunzi wanaoweza kuhitaji maarifa hayo, nayo hayapatikani vitabuni kwa urahisi.

Kwanza aliilowesha nguo katika maji baridi ndani ya beseni pana, akaibadilisha maji mara kadhaa bila ya kuifikicha wala kuikamua. Nguo kuukuu ikiwa mbichi huwa nzito, na uzito wake wenyewe waweza kuichana. Kwa hiyo aliitoa kwa kuiinua juu ya shuka, akaianika kivulini ikiwa imelazwa. Nguo mpya zilizokusudiwa kuungwa nayo alizifua pia kabla ya kuzikata. Nguo mpya hurudi inapofuliwa mara ya kwanza, na ikirudi baada ya kushonwa huivuta ile dhaifu iliyo kando yake mpaka ikachanika.

Pili, aliishika nguo mbele ya dirisha, akatazama mwanga ulivyopenya. Palipopenya sana aliepuka. Palipokuwa pazima alitia alama kwa chaki. Alikata kwa kufuata uzi, si kwa kufuata jicho. Nguo ya mkono haikunyooka kama ya mtambo: mtande wake una uzi mnene hapa na mwembamba pale, na mtu akikata kwa rula bila ya kuujali mwendo wa uzi, kipande hupinda mara tu kinapofuliwa. Tena nguo ya mkono hufumuka upesi kwenye ncha. Kwa hiyo aliacha ukingo mpana wa mshono, upana wa kidole gumba, mahali ambapo kwa khanga angeacha nusu yake.

Tatu, kila kipande cha nguo ya Babu alikiwekea kitambaa chepesi kwa nyuma, akakipiga bandi, ndipo akakiunga na vingine. Alitumia uzi wa pamba tu. Fundi mmoja jirani alimshauri atumie uzi wa nailoni kwa kuwa ni imara zaidi, Mama alikataa. Alisema kwamba uzi ukiwa na nguvu kuliko nguo, siku ya kuvutana nguo ndiyo itakayokatika; lakini uzi wa pamba ukikatika, mshono hushonwa tena. Nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi katika mambo yasiyohusu nguo.

Mwisho alitandaza bitana, akalaza pamba iliyochambuliwa kwa mkono, akafunika kwa uso uliokwisha kuungwa, kisha akashona tabaka zote pamoja kwa mistari iliyoachana vidole vinne, ili pamba isikimbilie upande mmoja. Vipande vya nguo ya Babu vilikuwa sita. Kati yake aliweka merikani, kaniki ya Bibi, na khanga zilizochapwa katika kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968. Nilipoutazama mfarishi ule uliokwisha, niliona kwamba mtu mwenye kujua kusoma angeweza kuisoma humo historia ya nchi: mfumi wa kijijini, meli ya Salem, mfanyabiashara wa Kihindi, na kiwanda cha taifa huru, wote wamelala bega kwa bega.

Wapo watakaosema kwamba kuunga viraka si desturi yetu, bali ni jambo la kuiga. Hao nawaomba watazame chini wanapoketi. Mkeka ni nini, kama si ukili mrefu uliosukwa kisha ukashonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukapata upana? Watazame pia khanga. Masimulizi ya pwani yanaeleza kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua leso za mraba zilizokuja katika jora, wakakata tatu tatu, wakaziunga mbili kwa tatu zikawa nguo moja. Na baadaye ndipo wenye maduka wakaagiza nguo zilizochapwa kwa kufuata mfano huo. Ndiyo maana hata leo wapo waiitao khanga leso. Nguo tunayoihesabu kuwa yetu kuliko nyingine zote ilianza kwa sindano ya mwanamke mwenye kuunga vipande.

Wala hatuko peke yetu. Sudan, katika miaka ya 1880, wafuasi wa Mahdi walivaa jibba za pamba nzito iliyofumwa nchini mwao, zenye viraka vilivyoshonwa juu yake. Kiraka kilichokuwa alama ya ufukara kikawa sare ya watu walioiteka Khartoum mwaka 1885. Ng'ambo ya pili, huko Georgia, aliishi mwanamke aliyeitwa Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837. Alishona mifarishi yenye picha za visa vya Biblia na maajabu ya mbinguni, na wataalamu wameilinganisha kazi yake na nguo za picha za Dahomey. Mfarishi wake mmoja aliuuza kwa dola 5 mwaka 1891 kwa sababu ya shida. Leo mfarishi huo umehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Marekani huko Washington, na mwingine uko Boston. Nchi ile ile iliyotuletea merikani ya jasho la watumwa ilikuwa na mtumwa wa zamani aliyeigeuza pamba hiyo kuwa kumbukumbu.

Hata hivyo sipendi msomaji adhani kwamba nawaruhusu watu kuchukua mkasi na kuzivamia nguo zote za kale. Hoja ya Mjomba ingali na nguvu, na miaka imeizidishia nguvu. Nguo ya mkono iliyo nzima, na hasa ile ambayo mfumi wake anajulikana, ni waraka. Na waraka haukatwi ili kufungia karanga. Yafaa ilazwe bila ya kukunjwa, ifungwe katika kitambaa safi cha pamba, iandikwe jina la aliyeifuma na mahali ilipofumwa, na ikiwezekana ioneshwe kwa watu wa makumbusho. Lakini nguo iliyokwisha kuliwa, ambayo haivaliki tena wala haiwezi kusimama peke yake, hiyo kuiingiza katika mfarishi si kuiua. Ni kuipa mwili mwingine wa kuibeba. Na hata hapo, kipande kimoja chenye pindo kibaki bila ya kuguswa, kama alivyotaka Mjomba.

Kipande kile ninacho. Alinipa mwenyewe kabla hajafariki, kwa kuwa, alisema, mwalimu hufa akiwa amekwisha kuwagawia wengi alichonacho. Kwa miaka mingi nilikipeleka darasani. Niliwapa wanafunzi kioo cha kukuzia, wakahesabu nyuzi za mtande na za mshindio, wakalinganisha na shati la sare zao. Daima yupo aliyegundua mahali ambapo mfumi alikosea akapitisha mshindio juu ya nyuzi mbili badala ya moja, na daima darasa lilicheka. Kisha lilinyamaza, kwa kuwa wanafunzi walitambua kwamba wamemfuma mtu kazini, mtu aliyechoka kidogo jioni moja ambayo hakuna aliyeiandika. Bila kipande kile wasingeliona jambo hilo. Na bila mfarishi, ambao ndugu zangu wangali wakijifunika, nguo ya Babu ingalikuwa kipande hicho tu.

Kwa walimu wenzangu natoa ushauri ulio rahisi kutekelezwa. Mikoani mwetu ingali ikilimwa pamba. Kilo moja ya pamba ghafi, vijiti kumi na vigae kumi vilivyotobolewa vyatosha kulifundisha darasa zima kusokota uzi. Fremu ya mbao yenye misumari huwa kitanda cha mfumi. Kila mwanafunzi afume kipande cha shubiri moja, na vipande vyote viungwe kuwa mfarishi mmoja wa shule. Watajifunza hesabu, historia na sayansi kwa pamoja. Na watajifunza jambo ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulifundisha, nalo ni muda. Mtu aliyetumia wiki nzima kufuma shubiri moja hatamcheka tena bibi kizee mwenye nguo ya viraka.

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliitaka itafute yaliyo bora katika mila na desturi za makabila yote na kuyafanya kuwa sehemu ya utamaduni wa taifa. Alikuwa akieleza kazi ya mshonaji wa mfarishi. Kazi hiyo haitaki vipande vyote vifanane, wala haitaki kipande kimoja kivimeze vingine. Inataka kila kipande kioshwe, kichunguzwe mbele ya mwanga, kikatwe kwa kufuata uzi wake chenyewe, kipewe bitana palipo na udhaifu, na kiungwe kwa uzi usiokuwa mkali kuliko nguo. Wahenga walituusia tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Mbacha ukichakaa haulazimiki kutupwa. Hushonwa, ukaendelea kukaliwa.